Narsisi za Desemba

Stockport, 14 Januari 1979

Dada Eunice,

Kabla sijakuuliza habari za mgongo wako, nikupe za goti la Ronnie, maana mume wangu ndiye anayelalamika kuliko wote. Daktari amemkataza ngazi. Basi kila kilichoko juu nakileta mimi, hata miwani yake. Binti yetu Gillian, kule chumba cha juu, ana mimba ya miezi mitano na tayari anagombana na mumewe kuhusu jina. Madereva wa malori wamegoma, dukani sukari hakuna, na Ronnie anasema ni kama vita vimerudi. Nimemwambia asilinganishe.

Kwa kuwa nimetaja vita, umeiona tamthilia mpya ya Jumapili? Inahusu kisiwa wakati wa Wajerumani. Jina la kisiwa wamelibuni, lakini ni kwetu, hata kipofu angejua. Leo ilikuwa sehemu ya pili. Nilikaa mbele ya televisheni na sahani mapajani mpaka chakula kikapoa.

Mimi niliondoka Guernsey na watoto wa shule kuja huku Uingereza kabla Wajerumani hawajaingia, nikiwa na miaka tisa, nikarudi nikiwa na kumi na minne. Miaka mitano ya nyumbani siijui, dada. Naijua kwa kusimuliwa, na wewe si msimulizi. Ukiulizwa unasema, "Tulikula viazi," kisha unakwenda kuosha vyombo. Sasa fanya hivi: itazame, halafu niandikie lipi la kweli na lipi la uongo. Hasa niambie Mama alikuwaje miaka ile. Yule mama wa kwenye tamthilia anapochana nywele dirishani, moyo unanipasuka, na sijui kama ni kwa sababu anafanana naye au kwa sababu sikumbuki tena.

Mdogo wako,
Thelma


Torteval, Guernsey, 28 Januari 1979

Mdogo wangu Thelma,

Mgongo upo. Nyanya tumeshazipanda kwenye nyumba za vioo, na mafuta ya kupashia joto yamepanda bei mpaka nafikiri tungewasha tu noti zenyewe. Mwambie Gillian mtoto apewe jina fupi, kwa sababu atakayeliita kutwa nzima ni yeye. Mpe Ronnie pole, ila asikuzoee.

Tamthilia yako sikutaka kuiona. Lakini jirani Wilf Torode ana televisheni ya rangi, na mkewe alinijia mlangoni kabisa, eti njoo, kisiwa kizima kinatazama. Nikaenda na ufumaji wangu ili macho yapate pa kukimbilia.

Nikuambie lipi la uongo? Tuanze na ng'ombe. Walipotokea tu, Wilf alisimama.

"Ng'ombe gani hao?" akasema. "Weusi na weupe? Hapa, kwetu ng'ombe wa kahawia?"

"Keti, Wilf," mkewe akamwambia.

"Siketi. Wajerumani walituletea mengi, lakini ng'ombe wa namna ile hawakutuletea. Wangepigwa mawe wao na ng'ombe wao."

Kisha akaitazama ile ngome nyuma ya askari, akajipiga kofi gotini. "Naijua hiyo. Hiyo ni Jersey. Wametuchukulia shida zetu wakaenda kuziigiza kisiwa cha jirani, kwa wale vyura wa Jersey."

Mkewe akasema basi azime. Wilf akasema nyamaza, hebu aone watakosea nini tena. Ndivyo tunavyoitazama.

Uongo mwingine ni mashavu. Yule mama unayemsifu ana mashavu, na vita viko mwaka wa tatu. Majani ya miiba tuliyakausha tukayaita chai. Mwani tuliuchemsha ukaganda, tukauita pudini. Hakuna aliyekuwa na mashavu, hata mchungaji. Na yule ofisa Mjerumani anayepiga piano simjui. Wajerumani waliokaa vyumba vyetu viwili vya mbele walikuwa watoto wenye mafua, waliotuibia vitunguu na kuomba radhi.

Umeuliza Mama alikuwaje. Alikuwa Mama. Alifanya kazi. Nywele alichana jikoni, hakuwa na muda wa dirisha.

Nakutumia kwa posta fulana ya sufi niliyoifuma kwa ajili ya Ronnie. Usiioshe kwa maji ya moto kama ile ya mwaka juzi.

Dada yako,
Eunice


Stockport, 11 Februari 1979

Dada Eunice,

Fulana imefika, Ronnie ameivaa siku nne mfululizo na nimeanza kumwonya. Gillian amechagua jina, kisha amelikataa. Barua yako niliisomea mezani, tukacheka na ng'ombe wenu. Asante.

Lakini wiki hizi mbili sijacheka na tamthilia. Walirudi nyuma wakaonyesha kuondoka kwa watoto. Wamekosea, walikwenda bandarini mchana na bendi inapiga. Sisi hatukuwa na bendi. Mama alinifunga kile kikaratasi cha jina kwenye kishikizo cha koti, akakifungua, akakifunga tena. Nilidhani hapendi jinsi kilivyokaa.

Kisha Jumapili iliyopita yule mama akaenda kwenye ofisi ya Msalaba Mwekundu kutuma ujumbe kwa mwanawe. Maneno ishirini na tano, hayazidi, yanapigwa chapa kwenye fomu, yanazunguka Ulaya nzima na kufika baada ya miezi mitano au sita. Niliinuka, nikapanda juu, nikateremsha kopo langu. Ninazo fomu kumi na moja kutoka kwa Mama. Wewe uliliona kopo lile, nilikuja nalo kifuani Agosti 1945.

Sasa nitakuambia kitu ambacho sijakuambia kwa mdomo. Huu ndio ujumbe wa mwisho, ulifika nikiwa na miaka kumi na mitatu:

"Sisi wazima. Usihesabu siku za kurudi. Bi Clegg ana nafasi, ana chakula, anakupenda. Kuwa mtoto wake kweli. Usitulilie. Wewe soma kwa bidii. Mungu akulinde. Mama."

Niliusoma jikoni kwa Bi Clegg, aliyenipokea na kunilea, Mungu amrehemu. Nikaelewa kwamba Mama amenigawa. Siku ile niliacha kumwota. Niliporudi mkaniambia amefariki, nilikuwa nimeshamkasirikia kiasi kwamba machozi hayakutoka. Nikakaa wiki tatu, nikarudi kwa Bi Clegg, kwani Mama mwenyewe ndiye aliyeniagiza. Na mara zote nilizokuja tangu hapo, kaburini sijakanyaga. Nilikuwa nasingizia mvua. Wewe uliona, ukanyamaza.

Ninakaribia kuwa nyanya, Eunice, na Gillian ananiuliza mama yangu alikuwa mtu wa namna gani. Nikimjibu nitamjibu kwa hasira, na sitaki mtoto azaliwe akikuta hasira hii imemtangulia. Kwa nini Mama alinigawa? Wewe ulikuwa nyumba moja naye alipouandika. Lazima alisema kitu.

Thelma


Torteval, 4 Machi 1979

Mdogo wangu,

Nimechelewa. Maua ya kupeleka soko la Uingereza yalikomaa yote kwa pamoja, na vijana wa siku hizi wanafunga boksi moja kwa saa nzima. Mgongo uleule. Mke wa Wilf amevunjika kidole cha mguu, alimrushia teke paka wa Wilf, paka akakwepa, mguu ukakuta ukuta.

Wilf bado anapigana na televisheni. Walipoonyesha watu wanakula nyama Krismasi, alisema labda ni yule paka wake wa zamani, aliyepotea mwaka wa mwisho wa vita. Hakuna aliyecheka, maana labda ni kweli.

Mimi kilichonikera ni mazishi. Wamemzika yule nyanya wa kwenye tamthilia kwa jeneza linalong'aa, na mashada ya maua ya dukani. Ukumbi mzima wa watengenezaji wa tamthilia ulikaa ukaona hilo ni sawa? Mbao zilikuwa hakuna. Jeneza la Mama lilitengenezwa kwa milango ya kabati, na kitasa kimoja kiliacha tundu ambalo Baba alilijaza kwa nta. Maua ya dukani tungeyatoa wapi? Mama tulimwekea narsisi tu, zile za njano za chini ya ukuta wa shamba. Mimi na Baba tulizikata asubuhi zikiwa na umande, tukamjazia mikono. Alipendeza kuliko huyo wao.

Kuhusu ule ujumbe, sina la kukuambia zaidi ya hili: Mama alikupenda mpaka mwisho. Usilichokonoe, Thelma. Mambo ya wakati ule yaliandikwa kwa haraka, na maneno yalikuwa machache. Mwambie Gillian kwamba nyanya yake alikuwa mwanamke mzuri. Hilo ni kweli na linatosha.

Wasalimie wote.

Eunice


Stockport, 9 Machi 1979

Eunice,

Ronnie hajambo. Gillian hajambo.

Mimi ni binti wa mkulima wa maua. Niliondoka mdogo, lakini nilijua majira ya maua kabla ya kujua saa. Narsisi za chini ya ukuta wetu zinachanua mwishoni mwa Februari, au Machi.

Mliniambia Mama alikufa Desemba 1944, wiki mbili kabla ya ile meli ya Msalaba Mwekundu kufika na vifurushi vya chakula. Mlisema alikufa akiingojea. Nimeishi na jambo hilo miaka thelathini na minne. Desemba ukutani pale hakuna hata ncha ya jani.

Mama alikufa lini?

Thelma


Torteval, 29 Aprili 1979

Thelma,

Barua yako imekaa nyuma ya saa ya ukutani wiki saba. Nimeandika majibu manne, yote nimeyawashia jiko. Tamthilia imekwisha, Wilf amekosa wa kugombana naye, na mimi nimekosa pa kujificha. Sina salamu nyingine za kutanguliza.

Mama alikufa tarehe 16 Machi 1943. Homa ya mapafu, siku tisa. Alikuwa amekonda, hakuwa na kitu mwilini cha kupigania. Wewe ulikuwa na miaka kumi na miwili, mimi ishirini.

Wiki iliyofuata nilikwenda ile ofisi kukuarifu. Nilikuwa nimeyahesabu maneno kwa vidole njia nzima. Nilipofika dirishani nikaanza kuyafikiria yakifika. Miezi sita mbele, jikoni kwa mwanamke nisiyemjua. Unaambiwa mama yako amekufa, huwezi kuuliza alikufaje, na ukiuliza, jibu ni baada ya mwaka. Midomo ikakataa. Yule mwanamke wa dirishani alikitazama kitambaa cheusi cha msiba nilichofunga mkononi, akauliza, "Jina la mtumaji?"

Nikasema, "Adela Brehaut."

Akavuta fomu. Kisiwa kidogo hiki, alijua vizuri Adela Brehaut yuko wapi. Kisha akasema, "Haya, nisomee polepole," akapiga chapa.

Nilidhani ni mara moja tu, mpaka nipate ujasiri. Nikarudi mara nne zaidi. Katika fomu zako kumi na moja, sita ni za Mama. Tano ni zangu. Wa mwisho ni wangu.

Kwa nini niliuandika vile? Sababu ya kwanza utaipenda, ya pili hutaipenda. Ya kwanza: Baba alikuwa hasemi tena. Alikuwa anakaa kwenye nyumba ya vioo na vyungu vitupu, jioni naenda kumrudisha ndani nimemshika mkono. Chakula kilikuwa kinakwisha. Niliona huna cha kurudia, na anayehesabu siku huumia zaidi. Bi Clegg ulimsifu kwenye majibu yako yote. Nikasema, basi awe na mama mmoja aliye hai.

Ya pili: niliogopa ungerudi ukawa mtoto wangu. Nilikuwa na miaka ishirini na moja. Nilikuwa nimechoka kupika, kuuguza, kuzika na kumshika mzee mkono. Nilikuhitaji ubaki huko. Nikatia sahihi ya Mama chini ya uchovu wangu.

Uliporudi nilikuwa nimejipanga kukuambia usiku wa kwanza. Lakini ulikuja na lile kopo, ukalifungua mezani kabla hata hujavua koti. Ukasema, "Hizi kumi na moja ndizo Mama yangu yote." Ningechukua tano? Zingebaki sita. Nikasema Desemba. Baba akainamisha kichwa, majirani niliwaomba, nao wakaniheshimu. Jiwe la kaburi nililiweka na jina tu, bila tarehe, nikimwambia kila mtu kwamba fundi ni ghali. Sikujua kwamba umemkasirikia. Naapa sikujua. Kila ulipokwepa kaburi nilidhani unaogopa huzuni, na mimi nikashukuru, kwa sababu ungeuliza tarehe.

Mama hakukugawa. Maneno yake ya mwisho yenye akili yalikuwa kuuliza kama kuna mtu anayekuvisha sufi kifuani, maana kifua chako kilikuwa kibovu. Nilimwambia ndiyo.

Nimeongea na fundi wa mawe. Tarehe itaandikwa, uje usije. Kama hutaniandikia tena, nitaelewa. Ila usimkasirikie yeye hata siku moja zaidi. Hasira hiyo nigeuzie mimi. Ni yangu.

Eunice


Stockport, 20 Mei 1979

Dada Eunice,

Gillian amejifungua tarehe 11, msichana, kilo tatu na kitu, ana sauti ya mnadi samaki. Jina bado. Goti la Ronnie limepona ghafla tangu mtoto azaliwe, sasa anapanda ngazi mara kumi kwa siku kwenda kumwangalia. Nimeanza na haya kwa sababu ni mema, na kwa sababu mengine si mepesi kuyaandika.

Barua yako niliisoma nimesimama. Kisha nikatoka nje, nikatembea mpaka reli, nikarudi. Nilikasirika, dada. Nilikasirika mpaka Ronnie akaondoa vyombo mezani bila kuambiwa. Miaka thelathini na minne nimemnunia mwanamke aliyekuwa ardhini hajui lolote. Nimemnyima hata ua moja. Na aliyestahili kununiwa alikuwa ananitumia fulana za sufi kila mwaka, nami nikimwandikia asante. Sitakuambia kwamba si kitu. Ni kitu kikubwa.

Siku ya tatu nililifungua kopo, nikazigawa fomu mafungu mawili, sita huku na tano huku. Nikasoma zako kama zako.

Kumbe ile ya Krismasi 1943, inayosema "Eunice mvivu, haoshi vyombo mpaka apigiwe kelele," uliiandika wewe. Ulikwenda ofisini kwa miguu, na kitambaa cheusi mkononi, ukajitukana mbele ya yule mwanamke ili nisikie sauti ya Mama. Nilicheka jikoni peke yangu mpaka Gillian akaja kuuliza kuna nini. Nikamweleza yote. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kusema neno "Mama" mbele yake bila kukunja uso.

Na kuna jambo jingine. Nilipokuwa mtoto kwa Bi Clegg, wenzangu walipata ujumbe kutoka kwa dada na kaka. Mimi sikupata hata mmoja kutoka kwako. Msichana mmoja aliniuliza kama nina dada, nikamwambia sina. Nilisema hivyo zaidi ya mara moja. Sasa ninazo fomu zako tano, na kila moja ilikugharimu kumfukia Mama upya dirishani pale, kwa sauti, polepole, ili mtu apige chapa. Ulikuwa na umri mdogo kuliko alionao Gillian leo. Gillian hawezi hata kupasha maziwa bila kuniita.

Ile sababu ya pili, uliyosema sitaipenda. Sikuipenda. Lakini ndiyo niliyoiamini kwanza, na nadhani kwa sababu hiyo nikaiamini na ile nyingine. Mimi niligharimia uchovu wako, wewe ukagharimia uongo wako, hakuna kati yetu aliyepata nafuu. Ungeniambia nirudi, ningerudi. Leo namtazama mtoto huyu, ambaye basi asingekuwepo, na sijui nitamani nini.

Usiniombe nikusamehe kwa barua. Tumeandikiana vya kutosha sisi wawili. Nakuja kwa meli ya tarehe 12 Juni, peke yangu, Ronnie atabaki na mjukuu wake. Mwambie Wilf nakuja, ila bandarini usije naye, nitataka kukuona wewe kwanza bila maoni ya mtu.

Mwambie fundi wa mawe asianze kabla sijafika. Nataka niwepo akichonga ile tarehe, namba kwa namba, na wewe usimame karibu nami mpaka amalize. Akishakusanya vyombo vyake akaondoka, tubaki. Mimi Mama sijamlilia bado.

Mdogo wako,
Thelma